Pakiti ya Pili

Kila shati la shule lililotoka kwenye chumba chetu lilikuwa na vifungo sita mbele na kimoja kilichofichwa ndani, chini kabisa kwenye mshono wa ubavuni. Hicho cha ndani nilikiweka mimi. Mtoto akiruka ukuta na kifungo kikaruka naye, mama yake hasumbuki kuzunguka madukani akitafuta kinachofanana. Anafumua kile cha ndani, anakishona pale palipo wazi, shule inaendelea. Kifungo cha akiba hakiguswi mpaka mwenzake apotee. Nimeshona vifungo miaka thelathini na sita, na hiyo ndiyo kanuni yake.

Chumba kilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja, na lile dirisha ndilo lililotufanya tukipange. Binti yangu alitaka mwanga umwingie kutoka kulia, kwa sababu jicho la kulia ndilo alilokuwa nalo. La kushoto lilichukuliwa na surua akiwa na miaka mitatu. Watu walisema ana chongo. Mimi nilisema ana kengeza kidogo. Ukipenda, chongo utaita kengeza, na mimi nilimpenda hata nikakaribia kuliamini hilo kengeza.

Kwa jicho hilo moja aliwapita mafundi wenye mawili. Walimwita Mshono. Ungeweza kulaza rula kwenye kola yake usione mahali uzi ulipopinda. Alitunga uzi kwenye sindano ya cherehani mara moja tu, bila kuulamba, huku anaongea. Yeye alikaa dirishani, mimi kwenye kigoda karibu na mlango na kopo langu la vifungo mapajani, na katikati yetu ilikuwa meza ya mpiga pasi, mwanamume wa makamo mwenye maneno mengi kuliko makaa ya pasi yake.

Ilianza Jumatatu moja asubuhi.

"Mama, hebu nitazame. Kuna uzi umeniingia?"

Nikamfunua kope kwa kidole gumba. Hapakuwa na uzi. Jicho lilikuwa jekundu upande mmoja, machozi yanachuruzika, na nilipomgeuzia dirishani akajikunja.

"Mwanga unachoma, na kama kuna mchanga ndani," akasema.

"Mwanga hauchomi, pasi ndiyo inachoma," mpiga pasi akadakia. "Mshono, sema tu umechoka nikuletee mto."

"Niletee kwanza ile kola uliyoiunguza jana."

Tulicheka siku ile. Siku ya tatu hakuna aliyecheka. Alikuwa hawezi kufumbua, na nilimpeleka hospitali ya macho mkono wake ukiwa begani kwangu, tunapanda ngazi moja moja, mimi nikimwambia, "Ngazi. Ngazi. Hapa tambarare."

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na kucha zilizokatwa mpaka mwisho. Alimtia tone la dawa ya manjano, akazima taa ya chumbani, akawasha kitaa cha buluu, kisha akanikaribisha nichungulie kwenye mashine yake. Nikaona, juu ya kioo cha jicho la mwanangu, kijitawi cha kijani kinachong'aa, chenye vitawi vingine vidogo, kama mti uliopukutika majani yote.

"Hicho ni kidonda cha virusi," daktari akasema. "Dada, huwa unatokwa na malengelenge mdomoni ukipata homa?"

"Tangu utotoni," mwanangu akajibu.

"Basi ni vile vile. Safari hii vimepanda jichoni."

Akawasha taa, akakaa sawasawa mbele yetu. Namkumbuka vizuri kwa sababu hakuwa na haraka. "Vidonge nitakavyokupa haviviui virusi hivi. Vinavilaza tu. Vinajificha kwenye mshipa wa fahamu, huku ndani, na vikiamka vinarudi kwa njia ile ile. Mwenye macho mawili huenda ningemwambia tusubiri tuone. Wewe unalo moja. Kwa hiyo dozi ni mbili. Ya kwanza ni kali: kidonge kimoja mara tano kwa siku, siku kumi. Hiyo ikiisha unaingia ya pili: kimoja asubuhi, kimoja jioni, mwaka mzima."

"Mwaka?" mwanangu akauliza.

"Mwaka, hata jicho likiwa jeupe kama karatasi. Huenda na zaidi. Kila kikovu kinachobaki kwenye kioo cha jicho ni ukungu usiofutika. Na mwezi ukiisha urudi nikuone."

Kwenye dirisha la dawa tulipewa pakiti mbili, zimeandikwa kwa kalamu ya wino, mwandiko mzuri wa mviringo. Ya kwanza ilikuwa na vidonge hamsini. Ya pili sitini, vya mwezi wa mwanzo. Zote mbili nilizipokea mimi, kwa kuwa mwenye jicho alikuwa amefumba. Nilisoma darasa saba. Niliyasoma maandishi yote mawili njiani, neno kwa neno, nikayaelewa.

Nyumbani nilikata uzi mweusi, nikaufunga mafundo kumi, nikautundika kwenye msumari juu ya cherehani. Ndivyo nilivyofundishwa kuhesabu kazi za siku nyingi: jioni unafungua fundo moja, na uzi ukinyooka, kazi imekwisha. Kidonge cha kwanza tukifungua mlango, cha pili saa nne, cha tatu saa nane, cha nne tukifunga, cha tano kabla ya kulala. Mpiga pasi alikuwa akisema Mshono anadonoa kama kuku aliyemwagiwa mtama. Siku ya sita alikaa dirishani bila kujikinga. Siku ya tisa alitunga uzi, mara moja, bila kuulamba. Nililia kidogo nikasingizia moshi wa mkaa.

Fundo la kumi likafunguka, tukaingia pakiti ya pili. Asubuhi alimeza akivua kifuniko cha cherehani, jioni akikirudisha.

Mambo yaliharibikia hapo.

Tulikuwa na mteja tuliyemwita Mama Mapacha, mwanamke mchangamfu, mdomo haujui mlango. Asubuhi moja aliingia kuchukua vipimo akamkuta mwanangu na kidonge kwenye kiganja. Hakuuliza chochote. Jioni akaja tena, amesahau mkoba, akamkuta na kingine.

"Asubuhi na jioni, fundi?"

"Asubuhi na jioni," mwanangu akajibu, "mwaka mzima. Ndivyo alivyosema daktari."

Mama Mapacha akamshika bega. "Pole, dada yangu. Usijali. Siku hizi watu wanaishi navyo vizuri tu, wananenepa na kuzaa."

Mwanangu alidhani anaongelea macho. Akasema asante.

Haikupita wiki. Wanawake wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa, mmoja alisema anasafiri, mwingine hakusema kitu. Na kulikuwa na fundi baiskeli mmoja, mgane, mtu wa heshima, ambaye kila Ijumaa alileta suruali ile ile ipunguzwe au iongezwe kiuno. Mwanangu alikuwa na miaka thelathini na minne, hajaolewa, na Ijumaa alikuwa anapaka mafuta mikono. Ijumaa ile fundi baiskeli hakuja.

"Bibi," mpiga pasi akaniambia mwanangu alipotoka kwenda chooni, "huko nje wanasema Mshono anameza vile vya kila siku."

"Vile vipi?"

"Bibi, usinifanye mtoto. Vile."

"Ni vya jicho! Wewe mwenyewe ulimuona jicho lilivyokuwa!"

"Mimi nimeona. Wao wameona vidonge." Akapuliza majivu kwenye pasi. "Na lisemwalo lipo, kama halipo linakuja. Kama jicho limepona, anameza nini?"

Nilikaa na swali hilo mchana wote, sindano mkononi. Niliangalia jicho la mwanangu upande wa dirisha. Lilikuwa jeupe. Niliangalia uzi kwenye msumari. Ulikuwa umenyooka. Jioni aliponyoosha mkono kuchukua pakiti, nilikuwa nimeshaitia ndani ya kopo la vifungo, chini kabisa, nikaifunika.

"Pakiti iko wapi, mama?"

"Dozi imeisha, mwanangu. Uzi si ule?"

"Si alisema mwaka?"

"Alisema hivyo kwa jicho lisilopona. Maandishi nimeyasoma mimi. Ile ya pili ni ya akiba, likirudi ndiyo umeze. Kama kifungo."

Akafikiri kidogo, halafu akacheka. "Afadhali. Vinaacha uchungu kooni."

Hakuomba ayaone maandishi. Tangu nilipomshika mkono kumfundisha kufunga fundo la kwanza, hakuwahi kukagua fundo langu.

Ijumaa iliyofuata fundi baiskeli akaja. "Kiuno kimebana tena," akasema, na mpiga pasi akamjibu kwamba kiuno hicho kina matatizo ya moyo. Mwanangu alificha uso kwenye kitambaa. Wale wanawake wawili, mmoja alirudi. Nikajiambia, unaona? Mwezi ulipotimia, mwanangu alikumbuka kwamba daktari alimtaka. Nikasema tuna sare za darasa zima za kumaliza, na jicho jeupe tunakwenda kumuonyesha nini? Akasema kweli.

Miezi minne ilipita hivyo. Kila asubuhi nikitia mkono kwenye kopo kutafuta vifungo, vidole vilikuwa vinagusa ile pakiti, na karatasi yake ilikuwa inanong'ona. Nilizoea.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, kazi ikatuelemea. Mwanangu akapata homa, ile ya mafua, ya siku tatu, na haikumwinua kwenye cherehani. Siku ya nne midomo ikamtoka malengelenge. Siku ya tano akasema, "Mama, mchanga umerudi."

Niliogopa, lakini sitasema uongo tena, kulikuwa na kitu kingine pia: niliona kama nimeshinda. Nikatia mkono kwenye kopo, nikaitoa pakiti mbele ya mpiga pasi na mbele yake. "Si nilisema? Akiba imefaa."

Nikasoma maandishi, nikayafuata. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Nilifuata maandishi siku ambayo hayakufaa kitu, baada ya kuyapuuza siku zote ambazo yangemponya. Vya kuzuia moto si vya kuuzima. Kama ningekumbuka ile dozi kali, mara tano kwa siku, au kama ningempeleka asubuhi ile ile, sijui. Daktari naye hakusema angejua. Lakini mimi nilikuwa nimeshika kifungo cha akiba, nikakishona mahali palipokatika, nikangoja kishike.

Siku ya kwanza. Ya pili. Ya tatu akasema dirisha limepata ukungu, nikalifuta kwa kanga yangu ndani na nje. Ya nne alikuwa anashona kwa kupapasa, mimi nikamwambia apumzike, akasema sare za watoto hazingoji. Ya tano, kama saa nne asubuhi, cherehani ilisimama ghafla. Hakupiga kelele. Aliita tu, "Mama," kwa sauti ya kawaida kabisa. Sindano ilikuwa imepita kwenye kidole chake cha shahada, kutoka kwenye ukucha kwenda chini, na kidole kilikuwa kimeshonwa na mfuko wa shati la mtoto. Mpiga pasi ndiye aliyezungusha gurudumu kuitoa.

"Sikukiona kidole changu," mwanangu akasema.

Daktari alikuwa yule yule, kucha zile zile. Safari hii hakuniita nichungulie. Alitazama muda mrefu, akatia tone, akatazama tena. Kisha akavuta kiti.

"Kidonda kimeingia ndani," akasema. "Sasa kiko kwenye unene wa kioo, si juu tu. Vile vidonge vya mwaka ulikuwa unameza?"

"Dozi niliimaliza, daktari," mwanangu akajibu, amefumba, uso umemwelekea mahali sauti ilipotokea. "Mama alihesabu kwa uzi. Na hata ile ya akiba tumeanza, siku tano sasa."

"Akiba gani?"

Daktari akanyoosha mkono, nikampa pakiti. Akaimwaga kwenye sinia dogo la chuma na kuhesabu kwa kidole. Vidonge thelathini na viwili. Akaigeuza, akasoma, akanitazama. Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ningepata pa kushika.

"Mama," akaniuliza, "unajua kusoma?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa na miaka ya kutosha, na kanga ya kutosha, angeniamini. Mwanangu peke yake ndiye angejua kwamba si kweli.

"Najua."

"Basi msomee mgonjwa. Ana haki ya kusikia."

Nikasoma. "Kimoja asubuhi. Kimoja jioni." Nikashuka mstari. "Meza kila siku kwa mwaka mmoja. Usiache hata ukipona. Vikiisha, rudi uchukue vingine."



"Rudia," mwanangu akasema.

"Mwanangu..."

"Hapo kwenye usiache. Rudia, mama."

Nikarudia. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea vipimo vya nguo. Halafu akamuuliza daktari maswali yake, la kwanza, la pili, la tatu, bila kunigeukia. Ataona? Daktari akasema atatibu kwa nguvu zote: vidonge mara tano kwa siku, kwa wiki kadhaa safari hii, na matone ya jicho chini ya uangalizi wake, kisha vya kuzuia mwaka hadi mwaka, pengine maisha. Kikovu kitabaki katikati. Atajua mchana na usiku, atajua mtu amesimama mlangoni, hatajua ni nani. Kuna kupandikiziwa kioo cha mtu aliyekufa, foleni yake ni ndefu, na virusi vinaweza kukila na hicho. Kutunga uzi?

"Hapana, dada," daktari akasema. "Hilo silioni."

Tuliteremka zile ngazi. Aliweka mkono kwenye ukuta, si begani kwangu. Nilisema, "Ngazi." Akasema, "Naijua."

Usemi ni kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ambayo hayakuwepo, na kilichoumbuka ni jicho la mwenzangu.

Siku hizi cherehani nashona mimi. Mshono wangu unapinda, wateja wanauona, wengine wanavumilia. Mwanangu amekaa kwenye kigoda changu karibu na mlango, kopo mapajani, anashona vifungo kwa kugusa. Vidole vyake vilijifunza haraka. Uzi natunga mimi, sindano ishirini kila asubuhi, nazichomeka kwenye sifongo mkono wake unapofika. Ndicho kitu pekee anachonikubalia.

Nilimweleza uvumi ule wa ukimwi na mdomo ulikoanzia. Vidonge anaviweka mwenyewe, ndani ya nguo yake, kifuani. Aliniomba uzi mrefu. Nilifunga mafundo mia tatu sitini na tano, siku mbili nzima nilifunga, na yeye akayapitia yote kwa vidole, moja baada ya jingine, akihesabu kwa sauti. Lilikuwa limepungua moja. Nilikosea tu, naapa nilikosea. Akanirudishia ule uzi, nikaongeza.

Fundi baiskeli alikuja Ijumaa tatu, akakaa, akaongea habari za minyororo na pedeli. Ya nne mwanangu alimwambia suruali yake iko sawa sasa, asihangaike. Alipotoka, mpiga pasi akainama kupuliza makaa.

Wiki iliyopita Mama Mapacha alikuja kuchukua mashati mawili. Akayageuza ndani nje, kama kawaida yake.

"Fundi, mmesahau kifungo cha ndani. Mashati yote mawili."

"Hatujasahau," mwanangu akasema. "Siweki tena."

"Sasa kikidondoka kimoja?"

"Uvikaze vile ulivyonavyo, mama. Kila siku uvitazame."

Mama Mapacha akanigeukia mimi, anataka nicheke naye. Niliinamia cherehani. Saa ilikuwa imefika. Mwanangu akatia mkono kifuani, akatoa kidonge, akakishika hewani kidogo kwa vidole viwili, upande ule sauti ya mteja ilikotoka, mpaka akawa na hakika kimeonekana. Akakitia mdomoni, akakimeza bila maji. Kisha akapapasa ukutani mpaka kwenye msumari, akaushika uzi, na kuanza kulitafuta fundo la leo.